Ridhaa ya Nani? Maria Esther Bueno na Ujira wa Mchezo

Kwa Kiswahili mchezaji asiyelipwa huitwa mchezaji wa ridhaa. Ni jina zuri mno kwa jambo lisilostahili uzuri huo. Ridhaa ni kukubali kwa moyo mweupe, na mtu hawezi kukubali ila pale anapoweza kukataa. Aliyefungiwa milango yote akapita katika ule mmoja ulioachwa wazi hakuridhia kupita. Amepita kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Maadam maana ya neno ni hiyo, yafaa liulizwe swali ambalo wasifu wa michezo ya zamani hawapendi kuulizwa: katika mchezo wa ridhaa, ridhaa ilikuwa ya nani? Ya mchezaji aliyetoka jasho, au ya wakuu wa vyama waliokaa kivulini wakihesabu viingilio?

Bado wako watu, na baadhi yao ni wasomi, wanaozisimulia zama za tenisi kabla ya mwaka 1968 kana kwamba zilikuwa bustani ya heshima. Husema kwamba wakati ule watu walicheza kwa mapenzi, na kwamba fedha ilipoingia mapenzi yakatoka. Usemi huu ni mtamu masikioni, walakini si wa kweli. Na dawa yake ni kuyatazama maisha ya mchezaji mmoja aliyeishi ndani ya bustani hiyo, akaipamba kuliko karibu wote wa wakati wake, kisha akatoka mikono mitupu. Mchezaji huyo ni Maria Esther Bueno wa Brazili.

Bueno alizaliwa katika mji wa São Paulo tarehe 11 Oktoba 1939, akajifunza mchezo angali mtoto katika klabu ya Tietê ya mji huo. Mwaka 1958, kabla hajatimiza miaka kumi na tisa, alitwaa ubingwa wa Italia mjini Roma, na mwaka huo huo akashinda Wimbledon katika mchezo wa wawili wawili, mwenzake akiwa Althea Gibson wa Marekani. Mwaka 1959 alimshinda Darlene Hard 6-4, 6-3 akawa bingwa wa Wimbledon peke yake, kisha akavuka bahari akatwaa ubingwa wa Marekani huko Forest Hills. Mwaka 1960 aliushika tena ubingwa wa Wimbledon, na juu ya hayo akafanya jambo ambalo hapana mwanamke aliyelifanya kabla yake: katika mwaka mmoja alishinda mashindano yote manne makuu ya wawili wawili, Australia pamoja na Christine Truman, na Ufaransa, Wimbledon na Marekani pamoja na Darlene Hard.

Mwaka 1961 ugonjwa wa ini ulimwangusha ukamlaza kitandani kwa miezi mingi. Wengi wangaliishia hapo. Yeye alirudi, akashinda Marekani mwaka 1963. Akashinda Wimbledon na Marekani mwaka 1964, na huko Wimbledon aliyeshindwa ni Margaret Smith wa Australia, mpinzani mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake. Akashinda Marekani tena mwaka 1966. Jumla ya ubingwa wake katika mashindano makuu ni 19: saba peke yake, kumi na mmoja wa wanawake wawili wawili, na mmoja pamoja na mwanamume. Waliomwona uwanjani hawakusifu hesabu tu. Walisifu wepesi wa mwendo, mkono uliozunguka bila kishindo, na ujasiri wa kuukaribia wavu na kuupiga mpira kabla haujagusa majani. Magazeti yalimwita Mbayuwayu wa São Paulo.

Basi mbayuwayu huyu alilipwa nini? Katika Wimbledon bingwa wa wanawake hukabidhiwa sinia la fedha mbele ya maelfu ya watu. Bueno aliliinua sinia la fedha mara tatu. Fedha yenyewe hakupewa hata mara moja, kwa kuwa sheria ilikataza. Ushindi wake wote saba wa peke yake ulipatikana chini ya sheria hiyo. Nchi yake ilimtolea stempu ya posta, na waandishi wa Marekani wa shirika la Associated Press wakamchagua kuwa mwanamichezo bora wa kike wa mwaka 1959. Sifa hizo alizistahili. Lakini sifa hailipi kodi ya nyumba, wala stempu haimwiti mganga ugonjwa unapobisha hodi.

Mtu asidhani kwamba fedha haikuwako. Watu walilipa mlangoni ili waingie. Viti viliuzwa, vyakula na vinywaji viliuzwa, na ziada ya mapato ya Wimbledon ilikwenda kukuza tenisi ya Uingereza. Mkata tikiti alilipwa, na mkata majani wa uwanja alilipwa, na ilikuwa haki yao. Katika jumba lile zima, mtu aliyekatazwa kulipwa alikuwa ni yule mmoja ambaye watu walikuja kumtazama. Ikiwa hii ndiyo heshima, basi ni heshima ya ajabu, kwa kuwa mzigo wake wote ulimwangukia mtu mmoja na faida yake ikaenda kwa wengine.

Wala wakuu hawakuwa wavivu wa kutunga sheria palipowapendeza. Mwaka 1962 Bueno alivaa vazi alilobuniwa na Ted Tinling, jeupe kwa nje na la rangi ya waridi kali kwa ndani. Wakuu wa Wimbledon walichukizwa, na mwaka 1963 kanuni ya mavazi meupe ikakazwa. Msomaji na apime. Watu waliojiona wana haki ya kuamua rangi ya upande wa ndani wa sketi hawakujiona wana wajibu wa kumlipa aliyeivaa.

Watetezi wa mambo hayo wana hoja tatu. Hoja ya kwanza ni ya mapenzi: ujira huua mapenzi, na mchezo bila mapenzi ni kazi ya punda. Jibu la hoja hii limo katika methali inayojulikana na kila mtoto wa Kiswahili: mcheza kwao hutuzwa. Wenye methali hii hawakuona kwamba mcheza ngoma aliyebandikwa noti usoni amepoteza mapenzi ya ngoma. Wala mwimbaji wa taarabu hashushi sauti yake kwa kuwa watazamaji wamesimama kumtuza. Kutuza ni ushahidi wa mapenzi ya mtazamaji, nayo hayagombani na mapenzi ya mchezaji. Mwalimu hulipwa na akapenda watoto, na fundi wa jahazi hulipwa na akapenda mbao. Kwa nini mwenye raketi peke yake ashukiwe kuwa moyo wake ni mdogo hata shilingi moja yaweza kuujaza ukafurika?

Hoja ya pili ni ya hiari: hakuna aliyemlazimisha, angaliweza kuacha ridhaa akajiunga na wachezaji wa kulipwa. Hoja hii ina sura ya haki, lakini ndani yake ni tupu. Mchezaji aliyekubali kulipwa siku zile alifukuzwa katika mashindano makuu yote. Pancho Gonzales wa Marekani aliingia kundi la kulipwa mwaka 1949, na hakuruhusiwa kukanyaga tena majani ya Wimbledon katika mashindano yake makuu mpaka mwaka 1968, nguvu za ujana zilipokuwa zimekwisha. Rod Laver wa Australia alishinda mashindano makuu yote manne mwaka 1962, akakubali kulipwa, akafungiwa mlango miaka mitano. Hao walikuwa wanaume, ambao angalau walikuwa na kundi la kuzunguka nalo toka mji hata mji.

Mwanamke hakuwa na hata hilo. Althea Gibson, yule mwenzake Bueno wa mwaka 1958, alikuwa bingwa wa Wimbledon na wa Marekani mwaka 1957, na tena mwaka 1958, Mwafrika wa kwanza wa Marekani kupata daraja hiyo. Alipoona kwamba mataji hayamlishi aliacha ridhaa; na kazi aliyoipata ikawa kuzunguka na Harlem Globetrotters, timu ya mpira wa kikapu ya maonyesho, akicheza tenisi ili kuwachangamsha watazamaji kabla ya mchezo waliokuja kuuona. Njia hiyo haikwenda mbali. Katika miaka ya 1990 bingwa huyo alikuwa mgonjwa na maskini, hata rafiki wakamchangia. Basi huo ndio uhuru aliokuwa nao Bueno: acheze bure katika viwanja vikubwa, au alipwe kwa kitambo katika maonyesho kisha asahauliwe. Kuchagua kati ya njaa na kifungo si kuchagua, na anayekuita huko kuwa ni ridhaa analitukana neno.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: wachezaji walipata kitu, kwa kuwa walipewa nauli, malazi na posho, na wenye majina makubwa walipewa zaidi kwa siri. Ni kweli kwamba bahasha zilipita chini ya meza. Jambo hilo lilijulikana kwa wote, na wakuu wa vyama walilijua kabla ya wote. Lakini hoja hii, badala ya kuutetea utaratibu, yaubomoa. Kama bahasha zilikuwako, basi sheria haikuizuia fedha kuingia katika mchezo, iliizuia isionekane. Mchezaji alifanywa mwombaji mlangoni kwa mwenye mashindano, na kisha akafanywa mwongo mbele ya watu, akiapa kwamba hapokei alichopokea. Ujira wa halali humwezesha mtu kudai haki yake mchana. Bahasha ya siri humfunga mdomo, kwa kuwa aliyempa aweza kumfichua.

Chanzo cha sheria hii hakikuwa usafi wa moyo, bali tabaka. Ilitoka Uingereza katika karne ya kumi na tisa, kwa watu wenye mali ambao hawakuhitaji kulipwa na hawakupenda kushindana na wanaohitaji. Katika mashindano ya makasia ya Henley jambo hilo liliandikwa bila haya mwaka 1879: fundi, mtu wa kazi za mikono au kibarua hakuhesabiwa kuwa mchezaji wa ridhaa, hata kama hakupokea senti kwa kupiga kasia. Kosa lake lilikuwa kwamba aliishi kwa mikono yake. Tenisi haikuandika maneno hayo, lakini ilirithi roho yake. Kwa mwenye mashamba na hisa, kucheza bure ni burudani. Kwa binti wa São Paulo aliyepaswa kukaa miezi mingi kila mwaka ng'ambo ya bahari, kucheza bure ni deni. Sheria ikiwa moja kwa tajiri na maskini haiwi sawa kwa sababu hiyo tu, kama vile kizingiti kirefu si sawa kwa mtu mzima na mtoto.

Hatimaye utaratibu huo ulianguka, nao ulianguka kwa uzito wa uongo wake wenyewe. Mwaka 1960 shirikisho la tenisi la mataifa lilipiga kura kama mashindano yafunguliwe kwa wote. Pendekezo likashindwa kwa upungufu wa kura tano. Ilikuwa mwaka ule ule Bueno aliposhinda mashindano manne ya wawili wawili. Kura tano katika chumba kimoja ziliwagharimu wachezaji miaka minane. Desemba 1967 chama cha Uingereza kilichoka na udanganyifu, kikatangaza kwamba hakitatofautisha tena wachezaji. Na mwezi Machi 1968 shirikisho likakubali shingo upande.

Hata baada ya hapo mzoga uliendelea kunuka. Katika mashindano ya kwanza ya wazi, yaliyofanyika Bournemouth mwezi Aprili 1968, Virginia Wade alishinda kwa wanawake, akaziacha pauni 300 za zawadi kwa kuwa alikuwa bado katika daftari la ridhaa. Mwaka ule ule Arthur Ashe alishinda ubingwa wa Marekani akaondoka na posho yake ya kila siku. Dola 14,000 za zawadi zikachukuliwa na Tom Okker wa Uholanzi, mtu aliyemshinda katika fainali. Aliyeshinda hakulipwa, na aliyeshindwa akalipwa. Wimbledon yenyewe ilipotoa fedha kwa mara ya kwanza mwaka huo ilimpa Laver pauni 2,000 na Billie Jean King pauni 750. Mlango ulifunguliwa, lakini kwa wanawake ulifunguliwa nusu. Ilibidi wanawake tisa watie saini mikataba ya dola moja moja huko Houston mwaka 1970 ili wajiundie mashindano yao. Zawadi za Marekani zikalingana mwaka 1973, na za Wimbledon mwaka 2007 tu.

Mlango ulipofunguliwa, Bueno alikuwa na miaka 28 na mkono unaouma. Katika mashindano ya Marekani ya mwaka 1968 alishinda mchezo wa wawili wawili akiwa na Margaret Court, ambaye ndiye yule Margaret Smith wa zamani. Kisha maumivu yakamweka nje miaka mingi. Alirudi akiwa mchezaji wa kulipwa, na mwaka 1974 akashinda mashindano ya wazi ya Japani mjini Tokyo. Huo ndio ushindi wake mmoja wa peke yake kama mchezaji wa kulipwa. Miaka ya dhahabu alifanya kazi bure. Miaka ya maumivu ndiyo iliyopewa bei.

Alinganishwe na Mbrazili mwingine. Gustavo Kuerten wa Florianópolis alishinda Paris mwaka 1997 akiwa wa 66 katika orodha ya dunia, akashinda tena mwaka 2000 na 2001. Naye mwili ulimsaliti: nyonga ilipasuliwa zaidi ya mara moja, akaaga mchezo mwaka 2008. Lakini jasho lake lilikuwa limekwisha lipwa, na mwaka 2000 aliweza kuanzisha taasisi yenye jina lake kwa ajili ya watoto na watu wenye ulemavu. Hapana aliyethubutu kusema kwamba Kuerten, aliyechora moyo mkubwa kwa raketi yake katika udongo mwekundu wa Paris mwaka 2001, hakuupenda mchezo kwa kuwa alilipwa. Fedha haikuliua penzi lake. Ilimpa uwezo wa kuwafikishia wengine matunda yake.

Kubakia bila ujira ni dhuluma ya kwanza. Iko ya pili, na hiyo ni ya wenye kalamu. Waandishi wa takwimu wameupasua wakati vipande viwili, kabla ya 1968 na baada yake, na aghalabu huhesabu yale ya baadaye tu, wakisema kwamba mashindano ya kale hayakuwa kamili. Kwa hesabu hiyo, katika ubingwa 19 wa Bueno hubaki mmoja, ule wa wawili wawili wa mwaka 1968. Margaret Court hupoteza 13 katika 24 zake za peke yake. Udhaifu wa hesabu hii kwa wanawake uko wazi. Kwa wanaume yaweza kusemwa kwamba mabingwa wengi walikuwa wamefungiwa nje. Kwa wanawake kundi la kulipwa lilikuwa karibu na kutokuwako, na waliokuwa bora duniani walikuwa humo humo viwanjani. Bueno hakupewa ubingwa kwa kukosekana wapinzani. Kwanza alinyimwa mshahara kwa kuwa alikuwa wa ridhaa, kisha akanyimwa hesabu kwa kuwa hakulipwa. Sheria moja imemtoza mara mbili.

Lazima ikubaliwe kwamba ujira una maovu yake. Ratiba za leo huchosha miili ya vijana, wacheza kamari wamewaharibu baadhi ya wachezaji wa daraja za chini, na mapato ya wachache yamepita kiasi ilhali wengi hawafikii hata gharama za safari. Hayo ni kweli, na yafaa yapigwe vita. Lakini dawa ya ujira uliogawanywa vibaya ni kuugawanya vizuri, haiwi kuufuta. Mtu anayeona mchele umeliwa na panya hafungi jiko, hutafuta paka.

Dunia ilimkumbuka Bueno kwa desturi ya dunia. Mwaka 1978 aliingizwa katika ukumbi wa watukufu wa tenisi. Mwaka 2015 uwanja mkuu wa tenisi uliojengwa kwa Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro ulipewa jina lake. Tarehe 8 Juni 2018 alifariki mjini São Paulo, umri wake miaka 78. Jina juu ya uwanja ni jambo jema. Lakini ni rahisi kuwapa majina wale walionyimwa haki, kwa kuwa jina halipunguzi kitu katika sanduku la mtoaji.

Wanachuoni hawana sanduku la kulipia deni hilo, lakini wana lugha na wana hesabu, na katika hivyo viwili wanaweza kutenda insafu. Wanapoandika historia ya mchezo, na wauhesabu ubingwa wa Bueno kuwa 19 bila mstari wa kuukata. Wanapofika kwenye neno ridhaa, na wasilipitie haraka, bali waulize ni nani aliyeridhia, na ni nani aliyeambiwa kwamba ameridhia. Mchezo alioucheza Bueno ulikuwa kazi, na kazi ile ilikuwa na faida, na faida ile ililiwa na wengine. Jambo la namna hiyo lina jina lake katika Kiswahili tangu kale, nalo si ridhaa. Ni dhuluma.